Walk Two Moons: nilikiweka chini mara mbili kabla hakijaniliza

Hiki kitabu nimekianza mara tatu. Mara ya kwanza niliona mhusika mkuu ni mtoto wa miaka 13, nikajisemea aah hivi ni vya wanangu, nikakirudisha kwenye rafu. Mara ya pili nilifika pale unapojua kwamba mama yake binti hayupo, nikakifunga hapohapo maana mama yangu alikuwa ametutoka miezi saba tu nyuma, na mi nilikuwa bado mtu wa kujibu "niko poa" kwa kila aliyeniuliza. Mara ya tatu ndo nimemaliza, siku mbili tu, na usiku wa pili sijalala vizuri.

Kimeandikwa na Sharon Creech, kilitoka 1994 na mwaka uliofuata kikachukua medali ya Newbery, ile tuzo kubwa ya vitabu vya watoto kule Marekani. Lugha yake ni Kiingereza chepesi, sura fupifupi, hata kama Kiingereza chako ni cha kuunga unga utaenda nacho. Tahadhari, humu chini nasema mambo ya mwisho, kama hutaki kuharibiwa utamu ishia hapa.

Stori iko hivi. Salamanca, wanamwita Sal, anapanda gari na babu na bibi yake kutoka Ohio kwenda Lewiston, Idaho, safari ya karibu maili 2,000, kumfuata mama yake aliyeondoka nyumbani akaahidi atarudi. Wanapita njia ileile aliyopita mama, ziwa Michigan, Badlands, Mlima Rushmore, Yellowstone, na kila walipofika Sal anajua mama alikuwa hapa, kwa sababu alikuwa anatuma kadi za posta. Binti anataka wafike kabla ya siku ya kuzaliwa ya mama. Yaani unasoma na wewe unawahimiza, endesheni jamani mbona mnasimamasimama.

Na hao wazee wanasimama kweli. Babu ni wale watu wanaotaka kusaidia kila mtu hata asiyeomba msaada. Mapema tu kwenye safari anamkuta mama mmoja gari imemgomea, anafungua boneti anaanza kuchomoa mipira ya injini anaiita nyoka, mpaka injini imebaki vipandevipande chini na mwenye gari amesimama anatazama tu hajui alie au ashukuru. Nilicheka peke yangu kama chizi. Babu huyuhuyu kila wakilala mahali njiani anakikagua kitanda, halafu anasema neno lilelile kuhusu kitanda chao cha ndoa kilichobaki nyumbani, kwamba hiki sicho ila kitafaa. Mwanzoni unaona ni utani wa wazee. Subiri.

Sasa utundu wa mwandishi uko hapa. Ili muda upite barabarani Sal anawasimulia babu na bibi habari za rafiki yake Phoebe, ambaye mama yake naye siku moja katoweka nyumbani. Phoebe ni mtu wa kukera kwelikweli, anaona kila jirani ni muuaji, kila nywele iliyoanguka ni ushahidi wa kupeleka polisi. Ila taratibu unashtuka kwamba Sal kila anaposimulia habari za Phoebe anajisimulia mwenyewe bila kujijua. Mwanzoni kabisa kuna baba yake Sal anabomoa lipu ya ukuta kwenye nyumba yao ya zamani kule Bybanks, Kentucky, na nyuma ya lipu anakuta sehemu ya kuotea moto ya matofali ambayo hakuna aliyejua ipo, na Sal mwenyewe anakwambia stori ya Phoebe ni kama ile lipu. Nilipopita hapo mara ya kwanza nilisoma harakaharaka. Nilivyomaliza kitabu nikarudi kuusoma ule ukurasa upya nikakaa nao.

Mi nina stori yangu ya Phoebe. Miezi yote ile nilikuwa hodari wa kuongelea msiba wa rafiki yangu aliyefiwa na baba, nampigia simu kila jioni, nampa ushauri, nalia naye. Wa kwangu hamna. Kwenye simu nilikuwa na voisi ya mama ya sekunde 47 aliyonitumia siku moja kabla hajatutoka, sijaifungua, ina kile kidoti cha kuonyesha haijasikilizwa. Kila nikibadilisha simu nahakikisha imehama, lakini kuisikiliza hapana.

Kwa hiyo Sal anavyokataa kuamini kwamba mama yake kafa nilimwelewa vizuri sana. Mwili wa mama hakuuona, baba ndo alienda kule mbali akarudi peke yake, sasa mtoto ataamini vipi? Juu ya hapo anabeba hatia. Alianguka kwenye mti akavunjika mguu, mama akiwa mjamzito akambeba mpaka nyumbani, usiku huo mtoto akazaliwa amekufa. Hakuna aliyewahi kumlaumu, anajilaumu mwenyewe kimyakimya, na kitabu hakileti mtu wa kumpiga hotuba kwamba si kosa lako. Hapo ndo nilipompa mwandishi heshima yake, maana waliofiwa tunajua hizo hotuba hazisaidii kitu.

Bibi anaumwa na nyoka mtoni kule South Dakota, kijana waliyemkuta hapo anamnyonya ile sumu (usijaribu nyumbani, huduma ya kwanza ya siku hizi imekataza kabisa kunyonya wala kuchana, mkimbize mtu hospitali). Hospitali babu anapanda kitandani analala ubavuni mwa mkewe, nesi aseme asiseme. Kuanzia hapo bibi anaendelea na safari ila pumzi si yake, kule Yellowstone anashangilia kama mtoto mdogo ile chemchemi ya maji moto ya Old Faithful inavyoruka, na wewe msomaji unaanza kupata wasiwasi. Anafia mji wa Coeur d'Alene, hukohuko Idaho, safari ikiwa imebaki kidogo. Babu anabaki na yule mkewe wa miaka yote, anampa Sal funguo za gari. Mtoto wa miaka 13 anaendesha usiku peke yake mpaka Lewiston, kwenye kona za mlimani, mpaka pale basi lililombeba mama lilipoporomoka. Basi bado liko bondeni. Anashuka kuligusa.

Nitakuwa muongo nikisema kila kitu kiko sawa. Mambo yanakutana kirahisi mno kule mwisho, yule mama jirani ambaye Sal anamchukia kwa kuwa karibu na baba yake, kumbe ndo abiria pekee aliyepona kwenye lile basi, tena alikaa kiti cha pembeni na mama. Na yule kijana anayeizungukazunguka nyumba ya kina Phoebe naye ana maelezo yake ya kisinema. Mtu mkorofi atasema hii ni filamu. Pia mambo ya asili ya Wahindi Wekundu ya mama yake Sal, na ule msemo wa kutembea miezi miwili ndani ya viatu vya mwenzio kabla ya kumhukumu, uliokipa kitabu jina, kwangu yamepitiwa juujuu. Ila barabara yenyewe inanukia ukweli, na nikaja kujua kwamba mwandishi akiwa na miaka 12 alipelekwa na familia yake kwa gari toka Ohio mpaka hukohuko Lewiston. Kumbe.

Nyota nampa nne na nusu, hiyo nusu nimeikata kwa ajili ya lile basi na jirani.

Usiku nilipomaliza niliifungua ile voisi. Sekunde 47 nzima mama ananigombeza, anauliza beseni lake nimelirudisha au nimelifanya langu. Mwishoni anacheka. Nimecheka nikalia, kwa pamoja, na beseni ninalo mpaka leo.

Saivi kitabu anacho mdogo wangu. Jana kanitumia meseji amefika Yellowstone, anauliza dada huyu bibi si atapona lakini? Nimemjibu endelea kusoma.