Mpira wa puani au kikombe kwa mtoto njiti?

Nilipolazwa na mwanangu njiti hapa Dodoma, akina mama wote wodini, wa Mpwapwa na wa Bahi, tuliulizana swali hilohilo.

Mpira unatisha kuutazama. Unapita puani hadi tumboni, na maziwa uliyokamua yanashuka yenyewe taratibu kutoka kwenye bomba la sindano. Nililia siku ya kwanza. Lakini kabla ya wiki kama 34 za ujauzito, watoto wengi hawajaweza kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio. Ukimlazimisha, maziwa yanaweza kuingia njia ya hewa. Kwa mtoto huyo, mpira ndio salama.

Kikombe kinampa nafasi ya kujifunza. Unampakata akiwa wima kidogo, ukingo unagusa mdomo wa chini, naye analamba mwenyewe. Usimmiminie! Maziwa mengine humwagika, na mtoto huchoka upesi. Ila kikombe husafishika kirahisi kuliko chupa.

Kwa maoni yangu, tusikikimbilie kikombe kwa sababu tu jirani wa kitanda cha pili ameshahamia. Wengine hutumia vyote viwili kwa siku kadhaa, nao wanaendelea vizuri.

Kwa vyovyote, kamua kila baada ya saa 2 hadi 3, usiku pia, na umbebe kifuani ngozi kwa ngozi. Tumbo likivimba na kukaza, akitapika kijani, au choo kikiwa na damu, mwite nesi papo hapo.