TAHADHARI: Puli za krenki "mpya" za Hilux 3L, Gerezani

Wenye Hilux za zamani za injini ya dizeli ya 3L, tulieni kwanza kabla hamjaenda Gerezani, Dar, kununua puli ya krenki (gurudumu la mbele ya injini linalozungusha mikanda). Kuna muuzaji pale (jina silitaji, sitaki kesi) kaniuzia puli kuukuu kwa 120,000, imo ndani ya boksi safi na nailoni yake.

Puli ya zamani ilikuwa inayumba, sili imeliwa, oili inavuja mbele. Jamaa akaniambia hii "inaingia kwa nyundo, bosi". Kweli iliingia kwa nyundo. Wiki ya tatu gari ikiunguruma imesimama, nasikia tak, tak, tak. Nikamlaumu fundi wangu bure. Siku chache baadaye natoka Mkuranga na muhogo, karibu na Vikindu mikanda ikaruka. Taa ya chaji ikawaka, breki ikawa ngumu kama nakanyaga ukuta. Kwa asiyejua, kwenye injini hizi pampu ya vakyumu ya breki imekaa mgongoni mwa alteneta; mkanda ukitoka, wepesi wa breki nao umekwenda. Pampu ya maji ikasimama vilevile.

Tulipofungua bolti, puli ilitoka kwa mkono, bila pula (kifaa cha kuing'olea). Rangi nyeusi ikabanduka kwa ukucha. Ndani ya tundu wamepiga vidoti vya senta panchi (chuma chenye ncha kali kinachogongwa kwa nyundo) mzunguko mzima ili chuma kivimbe kibane, kisha wakapachika utepe wa bati. Mpira wa katikati ulioachia wameuziba kwa silikoni ya gasketi! Njia ya kii (kipande cha chuma kinachoishika puli isizunguke peke yake kwenye krenki) imetanuka, na kii yenyewe imekatwa nusu.

Vidoti hivyo hubana siku ya kufunga tu, injini ikitetema vinasagika. Wala usikubali habari za "kaza bolti" au gundi.

Nilimrudia, akasema fundi wangu ndiye kaiharibu. Risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) sikudai, uzembe wangu, nilikuwa na kikaratasi chenye muhuri usiosomeka.

Ukienda, fundi awe ameshapima pua ya krenki (ncha inapokaa puli) kwa venia, kile kipimo cha unene, maana ikiwa imelika hata puli halisi itacheza. Pitisha kidole ndani ya tundu, ukihisi vipele iache hapohapo. Kagua mpira uwe umekaa sawa pande zote, na ukwaruze rangi mbele ya muuzaji kabla hujatoa hela.

Yangu ipo kwenye kiroba nyuma ya siti. Anayetaka kuviona vidoti anitafute.