Safari ya kuangalia ngiri Mikumi, muongozaji anajua kazi yake kwelikweli

Jamani kama mnaenda Mikumi ombeni muongozaji anayejua wanyama hadi ndani, sio wale wa kukimbizana na simba tu. Wetu alisimamisha gari kwa ajili ya ngiri, akatuelekeza dume tumwangalie kwa nyuma, maana korodani zake ziko juu, chini tu ya mkundu, zimebana mwilini hazining'inii kama za beberu, na ngiri akikimbia anasimamisha mkia kwahiyo unaziona vizuri kabisa. Usoni napo dume ana vinundu jozi mbili vikubwa, jike jozi moja vidogo.

Halafu akaeleza kuhusu uume wa jamii ya nguruwe, hauna mfupa, tofauti na wa mbwa, umejikunja ndani ya mwili kama herufi S na ncha yake imesokotwa kama skrubu, inakaza kwenye mikunjo ya shingo ya kizazi cha jike, na kwenye govi kuna kifuko cha majimaji yenye harufu kali. Watu wazima tulisikiliza bila aibu, watoto wakauliza maswali yote wakajibiwa kistaarabu. Gari lilikuwa na vumbi, chakula cha kawaida tu, ila kwa maelezo nawapa nyota tano.