Uzoefu wangu wa kulipima jarida la historia kwa SCImago na Google Scholar

Ninafundisha historia katika chuo kikuu kimoja hapa Dodoma, na utafiti wangu unahusu njaa na uhamaji wa watu katika Ugogo wakati wa utawala wa Wajerumani na wa Waingereza. Nilipokuwa nikitafuta jarida la kupelekea makala yangu, na wakati huohuo nikiandaa jalada la maombi ya kupandishwa cheo, ilinibidi nizifahamu kwa undani huduma mbili za mtandaoni zinazoonyesha ni mara ngapi kazi za kitaaluma zimerejelewa, yaani zimetajwa na kazi nyingine, ambazo wengi wetu tunazitegemea kwa kuwa hazilipiwi: SCImago, iliyobuniwa Hispania na inayotumia takwimu za kanzidata ya Scopus, pamoja na Google Scholar. Jarida nililolipima ni The Journal of African History la Cambridge University Press, lililoanzishwa mwaka 1960 na wahariri Roland Oliver na John Fage.

Nianze na SCImago. Ukurasa wa jarida hufunguka bila shida hata kwa bando la simu, na grafu zake zinasomeka: utaona wastani wa marejeleo kwa kila makala katika kipindi cha miaka miwili, mitatu na minne, kiasi ambacho jarida limejirejelea lenyewe, na idadi ya makala ambazo hakuna aliyezirejelea. Alama kuu ya jarida huzingatia hadhi ya anayerejelea, hivyo rejeleo litokalo katika jarida linaloheshimika huhesabiwa kwa uzito zaidi, na jambo hilo naliona ni la haki. Faida nyingine ni kwamba majarida hupangwa kwa robo ndani ya fani yake. Jarida hili huwekwa katika robo ya kwanza ya historia, yaani ya juu kabisa, ile iandikwayo Q1, ijapokuwa alama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya jarida kubwa la tiba. Kwa mjumbe wa kamati aliyesomea kemia, robo hiyo inaeleza mengi kuliko alama tupu.

Hata hivyo, muda unaopimwa ni mfupi mno kwa kazi zetu. Kipimo cha athari, ambacho wazo lake lilitolewa na Eugene Garfield wa Marekani mwaka 1955, huchukua marejeleo ya mwaka mmoja kwa makala zilizochapishwa katika miaka miwili iliyotangulia, kisha huyagawa kwa idadi ya makala hizo. Alama ya SCImago nayo hutazama miaka mitatu tu nyuma. Mwanahistoria anayesoma makala mpya leo atahitaji kwanza kwenda kwenye hifadhi ya nyaraka, kuwahoji wazee vijijini, kuandika, kupeleka kwa wahariri na kusubiri wahakiki, na mara nyingi rejeleo lake huchapishwa dirisha hilo likiwa limeshafungwa. Makala ya John Iliffe kuhusu namna vita vya Maji Maji vilivyoandaliwa ilitoka katika jarida hili mwaka 1967, na hadi leo hakuna anayeandika kwa makini kuhusu vita hivyo akaipita bila kuitaja. Makala ya Gregory Maddox kuhusu njaa ya Mtunya, iliyoikumba Tanzania ya kati kati ya mwaka 1917 na 1920, ilichapishwa mwaka 1990, nami naitegemea katika karibu kila sura ninayoandika. Marejeleo yangu kwa makala hizo hayaongezi chochote katika alama ya sasa ya jarida lililozichapisha.

Google Scholar nimeigawa katika sehemu mbili, kwa sababu ubora wake haulingani. Sehemu ya vipimo vya majarida haikunifaa kwa kazi hii. Inatumia kielezo cha h cha miaka mitano (kielezo cha 20, kwa mfano, maana yake ni makala 20 za kipindi hicho zilizorejelewa angalau mara 20 kila moja), na huyaacha nje majarida yaliyochapisha makala chini ya 100 katika kipindi hicho. Jarida la historia litoalo makala 15 kwa mwaka, hata zikiwa bora namna gani, halifikishi idadi hiyo.

Sehemu ya pili, yaani orodha ya kazi zilizorejelea makala fulani, ndiyo iliyobadilisha namna ninavyofanya kazi. Nilitafuta makala ya Maddox, nikafungua orodha hiyo na kuanza kuisoma kazi moja baada ya nyingine: vitabu vya historia ya mazingira, makala kuhusu Vita vya Kwanza vya Dunia katika Afrika Mashariki, tasnifu za uzamivu. Humo nilipata kazi kuhusu maeneo jirani na Ugogo ambazo sikuwahi kuzisikia, na nikaona wapi mwandishi mmoja alimkubali Maddox na wapi mwingine alimpinga. Historia huandikwa sana katika vitabu, na kwa kuwa Google Scholar huvijumuisha kwa wingi pamoja na tasnifu, inaona mengi ambayo Scopus haiyaoni. Jambo hili linatugusa moja kwa moja. Katika tasnifu ninazosimamia, jarida la Tanzania Zamani hurejelewa mara kwa mara, na marejeleo ya namna hiyo hayahesabiwi na SCImago hata kidogo.

Orodha hiyo ina kasoro zake. Kazi moja huweza kuonekana mara mbili kwa vichwa tofauti kidogo, na zimo nyaraka ambazo hazikupitiwa na mhakiki yeyote. Kwa hiyo jumla inayoonyeshwa juu ya orodha siinukuu popote kabla ya kufungua kazi zenyewe na kuzisoma tanbihi zake.

SCImago naipa nyota tatu kati ya tano. Google Scholar naipa nne, zote kwa ajili ya orodha hiyo. Kwa wenzangu wanaoandaa majalada ya kupandishwa cheo, nashauri waambatishe robo ya jarida kama kamati inavyotaka, kisha waongeze ukurasa mmoja unaotaja ni nani ameirejelea makala yao na ameitumia kujenga hoja gani. Azimio la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti, lililotangazwa mwaka 2013, linapinga kutumia kipimo cha jarida badala ya kuipima makala yenyewe, na mjumbe akihoji ukurasa huo, azimio hilo linaweza kuwekwa mezani.