Mashine ya presha ya kuvaa kama saa, miezi mitatu nayo

Hii mashine nilinunua kwa hasira. Kuna kitu kinanijia tangu mwezi wa nne, kichwa kinabana ghafla kama mtu kanifunga kilemba akavuta, halafu kizunguzungu, naona kama niko ndani ya boti pale Kibirizi ziwa limechafuka, nusu dakika kimeisha nabaki namuuliza mteja eti ulisema lita ngapi (nauza mawese Mwanga, hapa Kigoma). Dada anasema presha, jirani anasema husda, basi nikaingia duka la dawa nikatoa 55,000.

Nilitaka nikidake kikiwa kinatokea. Thubutu! Mpaka uivae, ijae upepo, isome, kichwa kimeshatulia zamani, inakuletea 118/76, presha ya kawaida kabisa, uonekane muongo.

Alafu dukani hawakuniambia mkono uwe usawa wa moyo. Wiki nzima nalaza mkono mapajani inasoma 140 na kitu, nikalia, chumvi nikaacha mpaka kwenye dagaa, kumbe nikiupandisha kifuani inarudi 120. Nesi wa zahanati alinicheka sana ndo akanielekeza, kaa dakika 5 kwanza, usikunje miguu, usiongee. Kutoongea ndo kazi kwangu.

Ilikonisaidia ni hapa, daktari alisema nipime nimelala, kisha nisimame nipime dakika ya 1 na ya 3, namba ya juu ikishuka 20 au zaidi basi kizunguzungu huenda kinatokea hapo. Nimeandika wiki mbili kwenye daftari la madeni, haishuki. Akanilaza chali harakaharaka kageuza kichwa pembeni anachungulia macho kama yanachezacheza, akitafuta kile kizunguzungu cha sikio la ndani, nacho hamna. Sukari sawa, damu ipo ya kutosha. Yani bado hatujui ni nini ila presha tumeitoa, na mimi usingizi umerudi. Kasema tu siku kikija na mdomo kupinda, ulimi mzito au mkono kulegea nisihangaike na mashine, nikimbizwe hospitali.

Nyota 3. Kama hela inaruhusu chukua ile ya kufunga juu ya kiwiko, haina mambo mengi ya kupandisha mkono.

Juzi dada kaja kaiazima, 168. Nikamkalisha vizuri, mkono kifuani, dakika 5, kimya, tukarudia mara tatu, haiteremki chini ya 160. Yeye hata kichwa hakimuumi. Jumatatu nampeleka zahanati, mawese atauza mtoto.