GDB kwa wanaotaka opereta za lugha yao: kuzitumia ni raha, kuziongeza ni shughuli

Kizuri cha GDB, programu ya kukagua programu nyingine zikiwa zinaendelea (debugger), ni kwamba hailazimishi mtu kufikiri kwa C akiwa anakagua programu ya Fortran au Ada. Huangalia lugha ya fremu (mwito wa funksheni) uliyosimama, kisha huchambua ekspresheni kwa kanuni za lugha hiyo: `A'First` kwa Ada, `.and.` na `**` kwa Fortran, `DIV` kwa Modula-2. Ina pia opereta yake yenyewe, `@`. Ukiandika `print *p@10` unaona vipengele kumi mfululizo kuanzia pale `p` inapoelekeza. Kushoto kwake lazima pawe na kitu kilicho kwenye memori; kigeu kilichokaa kwenye rejista au jibu la hesabu hukataliwa.

Mtego upo kwenye programu zenye lugha mbili. Katika Fortran, `print x /= 2` huuliza kama x si 2. Panda fremu moja kwa `up`, ukatue kwenye C, na herufi zilezile zitagawanya x kwa 2 na kuandika jibu ndani ya programu inayoendelea. Print haina huruma! Anza na `show language`; ikibidi, ishikilie kwa `set language fortran`, kisha urudishe `auto`.

Kuongeza opereta mpya ndiko kwenye kazi. Python haitoshi: `gdb.Function` hukupa funksheni za kuitwa kwa dola, mithili ya `$_streq(a, b)`, lakini sarufi yenyewe imo kwenye faili za bison (zana ya kuzalisha kichambuzi kutokana na sarufi) zilizokompailiwa ndani ya GDB. Kwa Fortran utagusa `f-exp.y` kwa tokeni, kipaumbele na kanuni, `fortran-operator.def` kwa jina la opereta, halafu utaandika klasi yenye `evaluate`. Tangu toleo la 11, la mwaka 2021, ekspresheni ni mti wa objekti. Zamani ilikuwa safu moja ndefu, na kila opereta ilibidi ieleze imechukua nafasi ngapi. Waliopitia huko hawapakumbuki kwa hamu.

Makosa hutokea sana sehemu mbili. Kwanza kipaumbele: kwenye bison, mstari wa chini ndio wenye nguvu zaidi, na `%left` (huanza kupanga kushoto) si `%right` (huanza kulia). Jaribu `2**3**2`, jibu sahihi ni 512, ukipata 64 umekosea upande. Pili ni `EVAL_AVOID_SIDE_EFFECTS`, hali ya kuchambua ekspresheni bila kuitekeleza kweli. `whatis` na `ptype` hutaka aina tu, kwa hiyo `evaluate` irudishe thamani sifuri ya aina hiyo bila kusoma memori. Ukilipuuza hilo, `whatis` juu ya pointa tupu italalamika kuwa anwani haisomeki.

Kabla ya kujenga, sakinisha bison hata kama unatumia kifurushi cha toleo rasmi: humo sarufi huja ikiwa imeshazalishwa, na ukishahariri `.y` lazima izalishwe upya. GMP na MPFR, maktaba za hesabu, zinahitajika pia. Bila texinfo (zana ya kutengeneza nyaraka), tumia `make all-gdb MAKEINFO=true`, nyaraka zisikukwamishe.

LLDB, debugger nyingine, hukabidhi ekspresheni kwa Clang (kompaila ya C na C++), kwa hiyo kwenye C++ iko vizuri, na badala ya `@` ina `parray 10 p`. Kwa opereta za Fortran au Ada, chukua GDB. Ila ukifungua faili la core (picha ya memori ya programu iliyoanguka), opereta za C++ zilizoandikwa na mtumiaji hazitaitika hapo, kwa sababu GDB huziita ndani ya programu iliyo hai.