Mipira ya petroli ya Datsun 240Z: nilinunua kwa mita Kirinyaga Road

Kama gari lako la Datsun 240Z linanuka petroli, waache kwanza mafundi wa kabureta, ukague mipira inayopitisha petroli. Yangu ilikuwa imekauka hadi ukiikunja kidogo inaonyesha nyufa, na ule mfupi unaoingia kwenye kabureta ya nyuma ulikuwa na unyevu. Kwenye injini ya gari hili, L24, jambo hilo haliahirishwi. Kabureta na manifoldi ya ekzosi (chuma kinachokusanya moshi wa injini) ziko upande mmoja, kabureta juu, ekzosi chini yake. Petroli ikidondoka inatua moja kwa moja kwenye chuma cha moto.

Seti iliyokatwa tayari inapatikana Marekani, na bei yake si mbaya. Kinachouma ni usafirishaji na ushuru hadi Nairobi, vikijumlishwa vinaizidi seti yenyewe. Tena kwa nini uagize mpira ulionyooka ambao hapa unauzwa kwa mita? Nikaenda Kirinyaga Road.

Muuzaji alianza na ule wa bei ya chini. "Hata matatu zinatumia hii, mdosi." Sikubishana naye, nikamwomba ulioandikwa SAE 30R9, alama ya daraja la mpira wa petroli, kwa kifupi R9. Kwa shinikizo peke yake R7, daraja la chini yake, ingetosha kabisa: pampu ya 240Z inasukuma takriban psi 4 (psi ni kipimo cha shinikizo), na R7 imekusudiwa kuhimili psi 50. Nilichokitaka kwenye R9 ni utando wa ndani, ambao hauchakazwi haraka na petroli yenye ethanoli na haupitishi harufu ovyo. Nililipa shilingi 700 kwa mita, zaidi ya maradufu ya R7. Kwa gari linalohitaji mita chache tu, tofauti hiyo sikuihisi.

Maandishi ya nje msiyaamini peke yake. Nilikata kipande, nikaona tabaka la ndani limejitenga wazi na lile la nje, kisha nikakiacha kwenye chupa ya petroli usiku kucha. Hakikuvimba wala petroli haikubadilika rangi. Kipande cha duka la jirani, chenye maandishi yale yale, kilitoka laini kama ulimi wa ng'ombe.

Vipimo ni viwili: wa kupeleka petroli ni inchi 5/16, wa kurudisha ni inchi 1/4. Mpira wa milimita 8 unakaa vizuri kwenye ule wa kwanza. Kwa wa kurudisha, milimita 6 unaingia kwa kubana sana, kwa hiyo tafuta wa inchi 1/4 halisi kabla hujaanza kutukana.

Pesa uliyookoa itumie kwenye klipu. Zile za skrubu zenye matundu zinatafuna mpira. Nilichukua zenye ukanda laini na kingo zilizokunjwa, zinazokazwa kwa bolti ndogo na nati. Ni ghali kuliko unavyotarajia kwa kitu kidogo namna ile, na hapo ndipo sehemu kubwa ya bili yangu ilikoenda.

Kazi ya mbele ni nyepesi: filta, pampu, kisha bomba la chuma linalovuka mbele ya injini kwenda kwenye kabureta. Ya nyuma ndiyo wengi huiruka, kwa sababu mipira ya kwenye tangi haionekani bila kulala chini ya gari. Tangi lina nati ya kumwagia chini, basi limwage lote kwenye jerikeni, ukiwa nje, betri imetolewa waya na kizima moto kiko karibu.

Lawama yangu kwa R9 ni ugumu. Karibu na pampu kona ni kali, na mpira huu ukilazimishwa unajikunja na kuziba njia. Ilibidi niuache mrefu kidogo ili uzunguke taratibu. Si mzuri kuutazama, na mashabiki wa gari lililoshinda Safari Rally 1971 na 1973 watauona haraka.

Nilipitisha tishu kavu kwenye kila kiungo injini ikiwa imewaka, ikatoka kavu. Harufu barabarani imeisha, isipokuwa nikijaza tangi pomoni. Hiyo inatoka kwenye mipira minene ya kupumulia tangi, nyuma ya ubao wa buti. Ile ina mikunjo ya kiwandani, haikatwi kwa mita, na hiyo nitaiagiza.